Picha ya Mguu

Kliniki nzima ilimwita Mama Picha, kwa kuwa hakuna mjamzito aliyetoka chumba chake cha altrasaundi bila picha ya uso wa mtoto. Akiona kasoro, hakuumauma maneno. Aliigeuza skrini, akamshika mama mkono na kusema, "Tazama hapa nami." Madaktari walimlaumu kwa wepesi wa ulimi. Yeye aliwajibu kwamba tumbo ni la mama, na habari zake ni za mama.

Mimba yake mwenyewe ilikuja majirani wakiwa wameshachoka kuuliza. Tumbo akamkabidhi Miwani, mwenzake wa zamu, rafiki wa chanda na pete tangu chuoni. Chumba chao kilikuwa na mwiko mmoja: hakuna kujipima.

"Leo wewe ni mama, si mfanyakazi," Miwani alisema, akaigeuzia skrini ukutani. Alipima kimya kimya, kisha akachapa picha. Ilikuwa ya mguu.

"Uso uko wapi?"

"Mwanao ana maringo kama wewe, kajiziba kwa mikono. Shukuru kwa huo mguu."

Mama Picha alicheka mpaka jeli ikamtiririka ubavuni. Mumewe, seremala, aliutengenezea mguu ule fremu na kuutundika juu ya kitanda. Tangu hapo akawa mpole ajabu, hata vyombo anaosha. Mama Picha alipojigamba kazini, Miwani alikumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa anayemsubiri.

Siri ilitobolewa na mama mkwe, aliyekuja kumjulia hali.

"Usijitie unyonge, mwanangu. Siku hizi hiyo midomo inashonwa, hata kovu hulioni."

"Midomo gani, mama?"

Mama mkwe alijikohoza na kuulizia chai.

Kesho yake mchana, kazini, Mama Picha alifunga mlango wa chumba cha altrasaundi kwa ufunguo, akavunja mwiko. Mtoto hakujiziba chochote. Mikono ilikuwa magotini. Mdomo wa juu ulikuwa umepasuka hadi puani. Midomo ya namna hiyo aliijua, na daktari wa kuishona alimjua. Hilo halikumliza. Kilichomliza ni kwamba watu aliokula nao walijua, wakamwangalia akibusu mguu.

Alimwita Miwani.

"Siku ile nilishindwa kukwambia, nikamwambia shemeji, naye akanisihi nisiseme," Miwani alisema, macho chini. "Alisema umengoja mno, tukuache ufurahi kwanza."

"Wagonjwa wangu nawaambia. Mimi ukanicheka."

"Sikukucheka, dada."

"Usiniite dada."

Jioni aliitoa picha ya mguu kwenye fremu, akatia ya uso aliyoichapa mwenyewe. Mumewe aliingia, akaelewa, akasimama mlangoni na vumbi lake la mbao.

"Nilitaka ulale usingizi, mke wangu."

"Nililala. Wewe na mama yako mkakesha mkimzungumzia mwanangu." Akamnyooshea fremu. "Haya, mwangalie."

Mume aligeukia dirishani.

"Mbona hutazami? Si umemjua siku zote hizi?"

"Miwani aliniambia tu," alisema kwa sauti ndogo. "Picha nilimwomba asinionyeshe."

Mama Picha alikaa kitandani, fremu mapajani. Kumbe hata huyo aliyeibeba siri hakuwahi kumwona mtoto.

"Basi katika nyumba hii mimi ndiye wa kwanza kumtazama," alisema. "Nenda kalale kwa mama yako."