Pua ya Kuazima

Kitalu cha Bibi Pua kiliaminika mtaa mzima, na sababu ni hiyohiyo pua. Mche wa yasmini na wa lile gugu la kutambaa ni kama mapacha: jani lilelile, shina lilelile. Dawa ni kufikicha jani. La gugu linanuka beberu. Ukilipanda ukidhani yasmini, mwaka hauishi limeshakaba miti na kuruka ukuta, na ukiling'oa kikabaki kipande cha mzizi, umefanya kazi bure.

Basi homa ikaja, ikaondoka, ikaondoka na pua. Bibi hakumwambia mtu. Mbegu alizookota zilikuwa zimechanganyika na za gugu, kama kawaida, na sasa makopo yote yameota. Akafikicha jani, akanusa. Wapi! Na kesho mwalimu mkuu anakuja kuchukua miche ya uzio wa shule.

"Gugu litoke mkononi mwangu likanyonge miti ya watoto? Thubutu!"

Akajaribu macho, akajaribu vidole, hata kuonja akaonja, akatema. Akang'oa mmoja kwa kubahatisha. Mzizi mwembamba, si mnene kama wa gugu. Yasmini, maskini, kauawa bila kosa.

Angeweza kuuza vivyo hivyo akanyamaza. Lakini bibi huyu mbishi, asikwambie mtu. Akameza kiburi, nacho kikamkwama kooni, akamwita mke wa mwanawe.

"Mwanangu, njoo uninusie majani."

"Mimi, Mama? Si wewe mwenye pua?"

"Ilikufa na ile homa. Nusa, maneno baadaye."

Mkamwana akanusa kopo baada ya kopo. "Hili sawa. Hili... lo, beberu mzima!" Gugu likitajwa tu, bibi analichimbua mpaka ncha ya mzizi na kulitia motoni. Mgongo ulimuuma, hakuinuka.

Katikati ya kazi mkamwana akasita.

"Kumbe ndiyo maana siku hizi hunisemi jikoni? Mimi nikadhani umeanza kukipenda chakula changu."

Bibi aliona aibu, aibu ya kweli. Uongo mdogo tu ungetosha. Akaangalia makopo yaliyobaki.

"Sijui kikoje, mwanangu. Hata pua ilipokuwa nzima sikukionja sawasawa. Nilikuwa nimeshaamua."