Radhi Aliyoitaka Jecha

Ikifika Shaaban, radhi hugawiwa mtaani Jadida kama peremende. Ramadhani inakaribia, watu wanabishiana hodi, "nisamehe", "nimekusamehe", kisha kila mtu na shughuli zake.

Ndivyo Jecha alivyopita nyumba hadi nyumba. Alikuwa mchuma karafuu hodari mpaka alipoanguka mtini akaharibika mgongo, na tangu hapo akaishi kwa dada yake Mwanapili, aliyemlea tangu mama yao afe. Alikula kidogo, akashukuru mno. Alipomwomba radhi, Mwanapili alikuwa anakuna nazi, hata hakuinua kichwa.

"Nimekusamehe dunia na akhera. Na weye nisamehe miye."

Kesho yake Jecha akajiua.

Matangani, jirani yao Bi Zulekha alianza kunong'ona kuwa marehemu alikuwa na imani haba. Mwanapili akamgeukia.

"Alikuja kwako pia, Bi Zulekha. Ulimuuliza ana nini?"

Bi Zulekha akajitia kutafuta tasbihi yake.

Hafiz, rafiki wa Jecha, ndiye aliyemwaga petroli motoni. Alimwita Mwanapili uani akamwambia, macho chini, "Alikuwa akisema we dada utapumzika akishaondoka. Aliona anakufanyia wema."

Wema! Nani alimtuma? Bakuli la uji lilimchosha nani? Mwanapili aliwakasirikia majirani, akajikasirikia nafsi yake, lakini aliyemkasirikia zaidi ni yule maiti, aliyemkatia shauri pasi na kumuuliza.

Siku ya hitima Mzee Nyange, mkubwa wa ukoo, aliwaomba watu wamsamehe marehemu. Wanaume barazani wakaitikia kwa pamoja, upesi upesi.

"Miye bado," Mwanapili akasema kutoka ndani.

Wanawake wakamvuta kanga. Wewe ndiye uliyemlea, wakamnong'oneza, ukimnyima radhi atasimama vipi mbele ya Mola wake?

"Nilimpa mara moja ili anipishe nikune nazi. Nyie nyote mlimpa. Nani alimtazama usoni?"

Mzee Nyange akakohoa. "Miye sikumtazama," akasema, "nilikuwa nawahi sala."

Mwanapili alikaa kitako, akasema na Jecha kwa sauti ile ile ya kumgombeza alipokuwa mdogo.

"Nimekusamehe. Lakini sikuwa nimechoka nawe, Jecha. Ungeniuliza, ningekwambia."