Uzi Mgeni kwenye Besi ya Tata Kasongo

Nakumbuka Jumamosi moja hapa Kolwezi, mwanangu, vumbi la malori limejaa hadi kwenye majani ya mihogo tunayopikia sombe, na mimi nimeketi nyuma ya nyumba na gita la besi mapajani, nikimwomba Mungu kwamba mzee mwenye gita hilo asigundue. Unacheka? Cheka tu. Jana ulinijia na besi yako yenye nyuzi nne za chapa tatu, umekunja uso, ukaniuliza kama uzitupe zote jalalani. Sikukujibu kwa sababu chai ilikuwa inapoa, na chai baridi mimi siinywi. Leo nakujibu.

Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na tisa, binti pekee aliyepiga besi katika kwaya ya parokia yetu. Aliyenifundisha ni Tata Kasongo, jirani niliyemwita tata kama baba yangu, mtu aliyetoboa miamba chini ya ardhi mpaka mashine zikamla masikio. Sauti nyembamba hakuzisikia tena. Besi aliisikia bado kidogo, na zaidi aliisikia kwa mkono: aliweka kiganja juu ya sanduku la spika, akafumba macho, wimbo ukampanda hadi begani. Daktari alishamwambia kwamba hata hicho kidogo kilichobaki masikioni kitaondoka. Basi akaamua kwamba Jumapili ile ataketi mbele kanisani, nimpigie wimbo wa sadaka alioupenda kuliko zote, kisha anikabidhi besi yake mbele ya watu. Wazee wawili wa kwaya walikuwa wakinung'unika kuwa chombo kama kile hakipewi msichana. Yeye akawaambia wasubiri kwanza wasikie.

Na mimi nilifanya nini? Alhamisi besi ilikuwa kwangu kwa mazoezi, nikaichukua bila kumwambia, nikapanda nayo pikipiki hadi Musonoi, kupiga kwenye harusi ya binamu yangu. Tulipiga hasa, mwanangu. Watu walicheza mpaka viatu vikapotea. Nikanogewa, nikauvuta uzi wa pili kwa nguvu ambazo kanisani sikuwa nikizitumia, ukakatika. Hamu yote ya harusi ikaniisha palepale.

Kesho yake nilizunguka mji mzima, nyuzi kama zile hakuna. Zake zilikuwa za zamani, laini chini ya kidole, zenye sauti nzito ya chinichini. Nilichopata kwa fundi mmoja wa redio ni uzi mmoja tu, wa chapa nyingine kabisa, mpya, wa kukwaruza vidole, unang'aa kama sufuria iliyotoka dukani. Nikaufunga. Nikaupaka majivu ya jikoni ili using'ae, ufanane na wenzake. Sasa tazama akili yangu ilivyokuwa: mtu anasikia kwa mkono, mimi nahangaika na macho yake.

Jumamosi mchana akaniita kwake tujaribu ule wimbo. Akaweka kiganja kwenye spika. Nikapiga polepole, kwa adabu zote, lakini kila nilipougusa uzi ule sauti iliruka mbele peke yake, kali, na nyingine tatu zikabaki nyuma zinanong'ona. Mzee akatoa mkono. Akaurudisha.

"Hii gita inachechemea," akasema. "Mwana, ulifanya nini?"

Nikadanganya. Nikasema spika imechakaa. Yeye akainama, akapitisha dole gumba juu ya nyuzi, mmoja mmoja, macho kafumba, akasimama kwenye wa pili. Kidole kikatoka na majivu.

Nililia, nikasema yote, Musonoi, harusi, na majivu yenyewe. Nikasema nitautoa ule uzi mbaya nikautupe, na besi ampe mtu mwingine.

"Uzi haina makosa," akasema Tata Kasongo. "Ilitoka fasi ingine tu, haijazoea wenzake. Makosa iko kwako, sababu ulinificha. Masikio inaniacha, mwana. Na wewe pia unataka kuniacha?"

Maneno hayo yananichoma hadi leo. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha, naye akaniinua, kisha akamwita mke wake, Mama Feza, alete mafuta ya mawese. Mama Feza akauliza kama siku hizi tunakaanga magita. Mzee akasema uzi mpya una mdomo mwingi, tuulishe kwanza. Akaupaka mafuta kutoka mwanzo hadi mwisho, ukali ukapungua. Akateremsha kidogo skrubu ya sumaku inayonasa sauti chini yake. Akakata kipande cha sponji kwenye kiti chake kizuri, Mama Feza anatazama, akakichomeka chini ya uzi. Halafu ikawa zamu yangu: niuguse ule kwa upole, niwabonyeze wenzake zaidi. Mkono wake juu ya spika, kichwa kinakataa, kinakataa, mpaka ugali wa bukari ukapoa mezani. Mwishowe kichwa kikakubali.

Jumapili, kabla ya misa, aliniagiza niwaeleze wanakwaya mwenyewe. Nikasimama nikaeleza. Mmoja wa wale wazee wawili akasema, si tulisema? Ukaja wimbo wa sadaka. Nilipomaliza, mzee huyohuyo akanisogelea akanong'ona, eti uzi mgeni ni upi, maana hakuutambua. Tata Kasongo alikuwa bado ameshika spika, ingawa nilikuwa nimeshaacha kupiga. Kisha akainuka, akanivika mkanda wa besi begani mbele ya watu wote. Baada ya mwezi mmoja masikio yake yalifunga kabisa, akabaki na mkono.

Besi niliyokupa, uliyoniletea jana, ndiyo hiyo, mwanangu. Hilo doa jekundu kwenye mbao ni mawese ya siku ile, usilisugue. Kuhusu nyuzi zako, ukipata seti kamili ya chapa moja, ifunge umshukuru Mungu. Usipopata, changanya, si dhambi. Ila usizijaribu mmoja mmoja ukaridhika. Zipige pamoja, usikie nani anawafunika wenzake umtulize, na nani amemezwa umsogeze mbele. Na wenzako wa bendi waambie kabla hamjapanda jukwaani. Uzi ukikatika, sema umekatika. Uzi tutautafuta, lakini ukiupaka majivu nitajua.

Mungu akupe vidole visivyochoka na moyo usioficha kitu. Akujalie watu watakaokuambia unachechemea, nawe uwasikilize. Na siku masikio yangu mimi yatakapofunga, nisogezee hiyo spika karibu, nipate pa kuweka mkono.