Tanga Lisilo na Tumbo

Mama Wanja ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona kitambaa kimelegea akakiacha. Mimi nauza nyuzi na vifungo mlango wa pili kutoka kwake, hapa Huruma, na si mara moja amenivuta kola iliyojikunja nikiwa katikati ya maneno na wateja. Jina lake ni Wamucii. Kwa miaka ishirini na miwili ameshona maturubai ya malori ya mahindi, na kwake turubai zuri ni lile lililonyooka kama meza. Likifanya tumbo, maji ya mvua hutuama, mshono ukaachia na mahindi ya watu yakaoza. Turubai lake halijawahi kulowesha gunia la mtu. Hilo atakuambia hata kama hujauliza.

Sifa hiyo ndiyo iliyomleta Mwalimu Phineas. Ni mzaliwa wa Ziwa, mji ulio huku kwetu, ila alifundisha Kilifi mpaka akastaafu, akabaki huko huko na kujiunga na klabu ya mashua za matanga. Desemba alipokuja nyumbani aliliona turubai kwenye lori la kaka yake, akauliza limeshonwa na nani. Kabla ya kurudi pwani aliagiza tanga lake kuukuu kwa basi, akamletea Mama Wanja, akamwomba amshonee jipya la namna hiyo hiyo. Klabu ikipendezwa, alisema, kuna mengine sita.

Tulilitandaza sakafuni likakataa kulala. Huku pembeni limetulia, huko katikati limeinuka. Mama Wanja akasema limezeeka, limevutwa na upepo mpaka likaharibika umbo, nami nikamuunga mkono. Ningejuaje? Sisi wa huku bahari tunaiona kwenye kalenda. Basi akalisahihisha. Alikata jipya, akalishona, likalala chini bila kunyanzi hata moja, na tukalisifu sote wawili kama wajinga.

Agosti mwalimu alimwalika kwenye safari ya klabu: mashua nane, siku tatu, kwenye ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu pale Kilifi, ambako mawimbi makubwa hayafiki. Safari hizo zina sheria mbili. Hakuna mashua inayoachwa nyuma, na anayefika mwisho huosha sufuria za wote. Mama Wanja alifunga duka akaenda, na haya mengine alinisimulia aliporudi.

Siku ya kwanza yeye na mwalimu, chini ya tanga lile jipya, ndio waliofika mwisho. Wenzake walimtania mwalimu, naye akaosha sufuria huku akicheka. Siku ya pili upepo ulikuwa mdogo, na mashua nyingine zililazimika kuwasubiri mara tatu. Mwalimu alikaza kamba hii, akalegeza ile, akahama upande mmoja hadi mwingine. Hakucheka tena. Mama Wanja alikaa akilitazama tanga lake lilivyonyooka, akiliona zuri kuliko yote. Halafu akatazama ya wengine. Yote saba yalikuwa na tumbo, hata yale mapya kabisa. Aliniambia aliyahesabu tena, moja moja.

Mchana walishuka ufukweni kula. Mwalimu, akiwa ameinamia sufuria alizopaswa kuosha tena, aliwaambia wenzake kwamba hii ni safari yake ya mwisho. Mikono imesahau kazi, alisema. Alikuwa ameshapata mtu wa kununua mashua, na Jumatatu angemkabidhi. Hakuna aliyemtania. Perez, mama aliyekuwa kiongozi wa safari, alitazama pembeni.

Mama Wanja aliendelea kula. Hapa ndipo hadithi humshinda kila mara. Alimaliza samaki mzima, anasema, na miiba akaitoa mmoja mmoja. Alikuwa anafikiria yale matanga sita, na jina lake la miaka ishirini na miwili. Angenyamaza tu, lawama ingebebwa na uzee, na uzee haujitetei.

Kisha akaweka sahani chini.

"Mwalimu, hiyo mikono yako iko sawa," alisema. "Ni mimi. Ile tanga ya zamani ilikuwa na tumbo, nikadhani imeharibika, nikainyoosha."

Mwalimu alipangusa mikono kwenye suruali, polepole.

"Una uhakika, mama?"

"Angalia zile zingine. Tumbo ndilo linaloshika upepo."

Perez hakungoja kuombwa. Alienda kwenye mashua yake akapandisha tanga, na ule upepo mdogo ukalijaza. Mwalimu alilitazama, akalitazama la kwake lililolala mchangani, akakaa chini.

Mama Wanja aliomba wembe, sindano nene na uzi. Alifumua mishono mitatu, akaingiza ncha zake ndani kidogo ili katikati pabaki papana, vile mtu anavyoshona kifua cha blauzi. Kazi ilichukua karibu saa tatu, na kwa kuwa hakuna anayeachwa nyuma, mashua zote zilingoja. Perez alinung'unika kwamba maji yanakupwa, kisha akaja akamshikia kitambaa. Mama Wanja alishona akilia, wala hakujificha. Yale matanga sita hayakutajwa pale, na hadi leo hayajatajwa.

Walipoondoka, tanga lilijaa. Walipita mashua moja, baadaye nyingine tatu. Mwalimu alishika usukani mpaka walipotia nanga jioni wakiwa wa nne. Hapo alitoa simu kwenye mfuko wa plastiki, akampigia yule mnunuzi.

"Samahani, ndugu yangu," alimwambia. "Ile mashua bado naitumia."