Wanane Waliohesabiwa Mara Mbili Ibaba

Saa moja na nusu asubuhi, Jumapili. Ukungu bado umelala juu ya kata ya Ibaba, wilayani Ileje, na kwaya inapasha sauti ndani ya kanisa. Nje, mwanamke wa miaka sitini na moja anabandika karatasi mlangoni kwa gundi ya unga wa ngano. Juu ya karatasi ameandika neno moja kwa herufi kubwa: NILIKOSEA.

Jina lake ni Atupele Kibona. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa mtakwimu wa serikali. Alipostaafu akarudi kwao milimani, na kila Jumapili huandika ukurasa mmoja wa hesabu kwa watu wasiosoma ripoti. Nakala arobaini hutolewa Itumba, makao makuu ya wilaya, kwa pensheni yake mwenyewe. Nyingine hupanda Hiace mpaka Tunduma, zikawafikia madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka. Hakuna anayemlipa. Watu humwita Mama Namba.

"Asilimia ni lugha ya ofisini," anasema. "Mimi naandika kwa mabenchi ya kanisa."

Ndivyo alivyowaeleza wastani. Ripoti ilidai mama mjamzito wa huku hutembea saa mbili kufika zahanati. Yeye akaandika: wa benchi la mbele wanaishi ubavuni mwa zahanati, wa benchi la nyuma wanatembea saa nne. Changanya, gawanya, unapata saa mbili. "Sasa mnionyeshe huyo aliyetembea saa mbili. Hayupo!" Walioisoma karatasi walicheka.

Benchi hilo la nyuma ndilo kitongoji cha juu. Watu wake wanakumbuka, hata kama wakubwa wamesahau. Mwaka 1998 waliomba zahanati, wakaambiwa subirini sensa. Sensa ikaja, ikapita. Mwaka 2009 wakaambiwa changieni nguvu kazi. Wakasomba mawe, wakachoma tofali. Tofali zile leo zimeota nyasi. Mwaka jana mkubwa mmoja akashuka garini, injini hata hakuizima, akatamka: "Nileteeni akina mama thelathini waliojifungulia njiani ndani ya mwaka mmoja. Chini ya hapo, msinisumbue."

Thelathini! Kana kwamba yule wa ishirini na tisa alizaa ndama.

Mama Namba akavaa buti. Wiki tisa alipanda na kushuka, nyumba kwa nyumba, akiuliza ni nani alijifungulia njiani. Akapata thelathini na mmoja. Ukurasa ulipotoka, watu waliimba. Kikao cha wakubwa cha kuamua juu ya zahanati kikapangwa Itumba, Alhamisi hii.

Kisha Rozi, binti wa Ibaba aliyeolewa ng'ambo ya bonde, akaonyeshwa daftari ili ahakiki habari zake. Akaangua kicheko.

"Mama, mbona mimi umenizalisha mara mbili?"

Huku, binti hurudi kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza. Nyumbani kwao, mama mzazi alimtaja kuwa Rozi. Ukweni, mama mkwe alimtaja kuwa Mama Ipyana, maana kule hakuna anayemwita jina la usichana. Mzazi mmoja, majina mawili. Atupele akazirudia nyumba zote kwa miguu. Wa namna hiyo walikuwa wanane. Thelathini na mmoja wakabaki ishirini na watatu.

"Mimi ni wa milima hii hii," anasema. "Nami nilirudi kwa mama kujifungua. Angekosea mgeni, ningemcheka."

Sasa fikiria. Ukubwa wa kosa lile aliujua yeye tu. Wakubwa wasingeligundua kamwe. Hata njia ya kule hawaijui. Angenyamaza siku nne, basi. Na ni mkubwa gani, tangu uhuru, umewahi kumwona akibandika kosa lake mlangoni mwa kanisa?

Mzee Sadoki, mzee wa kanisa aliyechoma tofali zile, anaiona karatasi na kupandisha sauti.

"Mama Namba, umetuuza!"

"Shikamoo kwanza, mzee wangu."

"Marahaba. Umetuuza! Wenzako wanakosea kila mwaka na wananenepa. Wewe kosa moja tu, unatuvua nguo mlangoni mwa Bwana."

"Wakimkamata mmoja wa bandia, watawafuta na wale ishirini na watatu wa kweli. Mmoja wao ni mkweo, Loisi. Nimpeleke kikaoni amebebwa na uongo?"

Mzee anaigeukia tena karatasi. Mtoto ambaye Loisi alimzaa njiani, katika mvua ya Februari, hakuiona jioni.

"Soma mpaka chini," Atupele anamwambia taratibu.

Anasoma kwa sauti, na wanakwaya wanatoka kumsikiliza. Karatasi inaeleza nyumba zilizopitwa, swali lililoulizwa, pale alipoteleza na alivyorekebisha. Mistari ya mwisho inasema: "Hesabu yangu hiyo hapo, pamoja na kosa lake. Naomba mwenye thelathini naye atuonyeshe ya kwake."

Mzee Sadoki anageuka.

"Jamani, hivi hiyo thelathini ilitoka wapi?"

Mwaka mzima wameikimbilia, wameipandia milima, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza.

Alhamisi, Hiace ya kwanza ya Itumba inaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Wanawake kumi na tisa kati ya wale ishirini na watatu wamekubali kushuka nayo, Loisi akiwamo.

"Zahanati siwezi kuwaahidi watu," anasema Atupele, akijifuta gundi vidoleni. "Ila kikaoni wataketi wakubwa. Sisi tutasimama mpaka tujibiwe."