Nilipata ufadhili wa kuwasilisha utafiti nje ya nchi, nikapelekwa na boda

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi ni mwalimu wa primary hapa Tororo, Uganda, na hii stori sijaitia chumvi hata punje. Mke wangu Athieno ni member humu, nikidanganya atanianika kwenye comments.

Nilikuwa nimemaliza utafiti wangu wa masters. Ulihusu watoto wanaolala Uganda na kusoma Kenya. Pale Busia, mpakani, wapo wengi tu. Asubuhi wanavuka na mabegi mgongoni, jioni wanarudi.

Nilichokuta ni kwamba wengi wakifika shule ya ng'ambo wanarudishwa darasa la chini. Hesabu wanajua. Ila Kiswahili chao ni cha sokoni, na mwalimu anaona ni wazito.

Supervisor akanitumia link. Kuna chama cha watafiti wa elimu, abstract yako ikikubaliwa kwenye international conference yao unaomba travel grant. Wanalipa usafiri, hoteli, chakula. Venue ilikuwa bado haijatangazwa, ila mwaka uliotangulia walikuwa Ulaya.

Nika-apply. Nikapata.

Hapo sasa ndipo mdomo uliponiponza. Nilitangaza kila mahali.

Nyumbani Iyolwa waliniombea kanisani, nimesimama mbele, mkono wa pastor kichwani. Nikanunua koti zito la baridi, nikaanza kulivaa jua likiwaka eti nizoee. Staffroom wakaniita Mzungu. Sikukataa.

Mama mkwe akapiga simu kutoka Lumino. "Mwalimu, huko nakwenda, watu ya huko nakula nini? Ngoja mimi nakaanga wewe karanga."

Kisha email ikaingia. Kwa kuwa mada ya mwaka huu ni shule za mipakani, conference itafanyika mpakani. Busia, upande wa Kenya.

Wakuu. Busia! Mahali ninapoenda kununua sabuni.

Athieno alicheka mpaka akakaa chini. "Baba Okoth, nje ya nchi ni nje ya nchi. Usisahau passport."

Nilitaka kujitoa kwa aibu, nikaanza hata kuandika email ya kusema naumwa. Athieno akaiona, na safari hii hakucheka.

"Wale akina mama uliowahoji waliacha biashara zao wakakaa na wewe, wakakueleza mambo ya watoto wao. Utawaambia hukwenda kuwasemea kwa sababu hakukuwa na ndege?"

Nikaifuta.

(Kituko kidogo hapa. Nilipofika, secretary wa conference aliniomba boarding pass ili nirudishiwe nauli. Nikamwambia nimekuja na boda. Akasema basi nitume ticket. Nikamwomba jamaa wa boda risiti, akaniuliza kama nina malaria.)

Siku yenyewe ukumbi ulijaa maprofesa wa kutoka mbali na walimu wa pale pale mjini. Nikaanza na slides zangu na Kiingereza changu nilichokipiga pasi.

Katikati mlango wa nyuma ukafunguka. Akaingia Mama Auma, anauza nyanya soko la upande wa Kenya. Ni mmoja wa wazazi niliowahoji. Nilikuwa nimewaalika, ila sikutegemea mtu aache meza yake. Alikaa kiti cha mwisho, leso imefungwa vizuri, macho kwangu.

Kiingereza kikaniishia. Nikaomba ruhusa niendelee kwa Kiswahili, mtu mmoja akawa anawatafsiria wageni.

Nikaeleza habari za mtoto mmoja, bila jina. Uganda alikuwa P.4, yaani darasa la nne. Ng'ambo akawekwa Grade 2. Anakaa nyuma, magoti yamegusa dawati, haongei.

Wakati wa maswali akasimama mzee mmoja wa suti. Mwalimu Wandera, headteacher wa hapo Busia. Nilimjua. Auma, yule mtoto niliyemweleza, anasoma kwake.

"Mwalimu, hiyo shule unayoisema ni yangu?"

Nikamjibu, "Sir, sijataja shule yoyote."

Sauti ikatoka nyuma. "Ni yako, Mwalimu. Mtoto ni yangu. Sokoni yeye napiga hesabu yote na kichwa, mimi nauza tu. Lakini kwako nakaa na watoto wadogo, narudi nyumbani nalia."

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Mtafsiri akawatafsiria wageni.

Mwalimu Wandera akamgeukia yule mama. "Mama, mlete Jumatatu. Tutampima upya, kwa Kisamia, lugha yenu ya nyumbani. Kuna mwalimu wangu anakijua."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa na hofu kwamba mtoto ataonewa baadaye. Wakati wa chai mzee akanifuata.

"Bana, si ungekuja tu ofisini uniambie?"

"Nilikuja, sir. Ulisema uko kwenye kikao."

Akanitazama, akacheka, akaniongezea chapati kwenye sahani.

Wakuu, walipimwa wote waliokuwa wamerudishwa pale shuleni. Si wote waliopandishwa, wengine kweli walihitaji kubaki. Auma alipandishwa. Juzi nimepita kwa mama yake sokoni, analalamika kwamba ameitwa shuleni. Kosa? Auma anaongea sana darasani.

Nilichojifunza: tukiomba hizi grants, wengi tunawaza tutafika wapi. Tuwaze nani atakuwa ukumbini. Ulaya wangenipigia makofi mazuri sana, na Auma angebaki Grade 2.

Nawasikiliza. Waliowahi kupata ufadhili wa conference, tupeni yenu, na wanaotaka kujua jinsi ya kuandika abstract waulize hapa hapa. Ila watafiti wenzangu, kwanza nijibuni hili: yule uliyemwandika kwenye utafiti wako, aliwahi kukusikia ukimsemea?