Protini Katika Mate ya Mbu

Nilitoka Tanga baada ya shirika letu kubinafsishwa na sisi kupunguzwa kazini. Siku tatu za basi hadi Songea, kisha lori la kahawa la kwenda Mbinga. Springi ilikatika, tukalala Kitai. Kutoka Mbinga nikapata pikapu ya kuteremka ziwani. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na macho makali. Dokta mmoja, mtafiti wa mbu, alihitaji hayo mawili.

Alinieleza kwa uvumilivu. Jeni ni maagizo. Yakitekelezwa, mwili hutengeneza protini. Alitaka kujua protini moja inakaa wapi ndani ya mbu. Tulimgandisha mbu, tukamkata vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, tukavipaka dawa inayonasa protini hiyo tu. Palipogeuka kahawia, ndipo ilipo.

Mbu niliwakamata asubuhi kwenye kuta za nyumba ya bibi mmoja aliyelea mjukuu wake, binti wa mwaka mmoja hivi.

"Shikamoo, bibi. Dokta anatafuta kitu kwenye mate ya mbu."

"Marahaba. Kumbe mbu naye ana mate? Ndiyo maana hana adabu, anamtemea mtu ndani."

Kila jioni alifukiza majani ya kivumbasi chumbani, na moshi ule ulitufukuzia mbu. Siku moja nikamwambia, "Leo usifukize, bibi, mpaka nirudi." Nilimaanisha kesho yake. Jioni ileile, bila kutarajia, gari la dokta likanichukua kwenda Mbinga kwenye darubini. Nilikaa wiki tatu. Sikutuma hata salamu. Kwangu lile lilikuwa neno la siku moja; kwake, mgeni akishaomba jambo, ni yeye mwenyewe wa kuliondoa.

Huko Mbinga kipande kimoja kilikubali. Tumbo la mbu lilibaki jeupe, tezi za mate zikawa kahawia tupu. Dokta alinishika mkono. Sikuwa nimewahi kuona kitu kizuri hivyo.

Niliporudi, uani kulikuwa na matanga. Homa ilimchukua mtoto kwa siku nne.

"Bibi, hukufukiza?"

"Si ulisema mpaka urudi, baba." Hakunilaumu. "Haya, umerudi. Kaa ule."

Nikala ugali wa muhogo na usipa, dagaa wa kule. Nilifanya kazi miezi miwili zaidi, nikiharibu vipande. Kila tezi iliyogeuka kahawia, nilijiuliza ilimtemea nani.

Siku niliyoondoka kabisa nilimkuta akimenya muhogo. Nikamwambia kosa lilikuwa langu. Akaendelea kumenya.

"Ungesema kesho, baba," akasema, "ningeelewa kesho."

Gari likapiga honi barabarani, nikaenda kupanda.